Mvua Niliyoitengeneza kwa Simu

Jamani, leo nimeaibika. Si kidogo. Ninaandika haya matope yakiwa bado kwenye kucha, na naomba mnisikilize mpaka mwisho kabla ya kuanza kutuma vile vikaragosi vya kucheka.

Mnajua nina kibanda cha picha za pasipoti hapa Myamba. Mnajua pia kwamba siku hizi nimeshikwa na picha nyeusi na nyeupe. (Mama anasema wao walizikimbia, mimi nazirudia kwa hiari yangu.) Basi asubuhi nimepanda hadi juu kabisa ya kijiji, nikapiga picha ya bonde. Anga safi la bluu, viwingu viwili vitatu vyepesi. Nikashuka, nikaiondolea rangi, nikaituma kwenye kundi letu la wapiga picha nikiomba maoni.

Akajibu Rashidi, yule mwenye studio kule Same mjini. Rashidi hajui kubembeleza.

"Anga limepooza kama uji wa jana. Shusha bluu."

"Bluu ipi, kaka, na picha haina rangi?"

"Shusha tu, utaona."

Ngoja niwaeleze, maana ni jambo tamu na yeyote mwenye simu anaweza kulijaribu. Ukiiondolea picha rangi, simu haijazisahau. Inakumbuka kuwa juu palikuwa bluu na chini kijani. Ukishusha bluu, kila kilichokuwa bluu kinaingia giza, vingine vinabaki vilivyo. Nikashusha kidogo. Anga likawa la kijivu. Nikashusha tena. Likakunja uso. Nikashusha hadi mwisho, nikakoleza na vivuli vya mawingu. Mungu wangu! Bonde zima likalala chini ya giza zito utafikiri dunia inafungwa. Nilipiga kelele peke yangu. (Mteja aliyekuwa amekaa kwa ajili ya pasipoti alisogea mlangoni.)

Rashidi alishapotea mtandaoni, na mimi maoni nilikuwa nayataka sasa hivi. Nikaituma kwenye kundi la kitongoji, lile la vikao, misiba na mbuzi waliopotea. Nikaandika: "Kutoka juu mlimani leo asubuhi. Mnaonaje?"

Majibu yakamiminika.

"Asante Mungu!"

"Amina, amina. Tumesubiri mno."

"Hata rangi zimepotea kabisa. Hii si ya mchezo!"

Lile la mwisho nusura linitoe machozi. Kumbe watu wa hapa wana jicho! Miaka yote nawapiga picha mbele ya pazia, kumbe walikuwa na njaa ya sanaa. Nikajibu kwa unyenyekevu: "Asanteni sana. Bado najifunza."

Wakaendelea na amina zao.

Nikatoka nje kupunga hewa. Jirani yangu, Mama Tumaini, alikuwa anaanua mahindi yake mbiombio, na jua linawaka.

"Shika upande huo wa turubai, mwenzangu! Huko juu kumeshafunga!"

Nikashika. Tukaingiza yote ndani. Nilitamani sana kujua kumefunga nini, lakini alikuwa anahema mno, nikaona si vizuri kumhoji.

Simu ikaita. Shangazi Namsifu. Huyu yuko Same mjini tangu juzi, kwa binti yake aliyejifungua.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Imeshafika shambani kwangu?"

"Nini, shangazi?"

"Mvua! Hiyo uliyotutumia."

Nikatazama juu. Bluu tupu. Hata vile viwingu vya asubuhi vilishaondoka.

"Nilikuwa nipande gari niwahi zamu yangu ya maji," akaendelea kwa raha zake, "nikaona picha yako, nikasema basi, Mungu mwenyewe anamwagilia. Zamu nimempa Baba Tumaini. Mimi nabaki kumbeba mjukuu."

Msio wa huku mnivumilie kidogo. Kwetu maji ya mfereji hukusanywa usiku kwenye ndiva, bwawa letu dogo lililo juu ya mashamba, kisha mchana hufunguliwa kwa zamu. Zamu ikikupita, unasubiri mpaka mzunguko urudi. Na maharage ya shangazi ndiyo kwanza yametoa maua. Maua yakikosa maji yanadondoka, na hapo huna tena maharage, una majani.

"Shangazi," nikasema, "ile mvua... nimeitengeneza mimi."

Nikasikia kichanga kikilia.

"Umeitengeneza kwa nini?"

"Kwa simu."

"Basi ipeleke shambani," akasema, akakata.

Nikakimbia hadi ndiva na viatu vyangu vya kibandani. Maji yalikuwa yanaingia kwenye kabichi za Baba Tumaini. Watu wamesimama na majembe yao, na Mzee Yonazi, msimamizi wa zamu, ameketi ukingoni. Wote walikuwa wanatazama juu, halafu simu, halafu juu.

"Shikamooni. Hakuna mvua," nikasema.

"Hilo tumeliona," akajibu Baba Tumaini. "Tunachotaka kujua ni imeenda wapi."

Nikaeleza yote. Nikawaonyesha picha ya mwanzo yenye rangi, nikaiondolea rangi, nikavuta bluu chini taratibu. Giza likaja. Nikarudisha. Likaondoka. Nilijiandaa kutukanwa. Badala yake vichwa vikajazana juu ya simu yangu.

"Hebu ilete tena."

"Niachie mimi niilete!"

"Na ukivuta kijani?"

Swali zuri sana hilo! Nikavuta kijani. Mashamba yote yakawa meusi.

"Rudisha, rudisha!" mama mmoja akapiga kelele. "Hapo ni kwangu!"

(Nakiri nilisahau kidogo kilichonileta. Sijawahi kupata wanafunzi wasikivu hivyo.)

Mzee Yonazi akaiomba simu. Akaikinga jua kwa kofia yake, akaitazama sana.

"Picha ni nzuri, binti. Ila kuna mahali pa kurekebisha."

"Wapi, babu?"

"Hapa chini."

Kidole chake kilikuwa juu ya shamba la shangazi.

Walicheka mpaka wengine wakakaa chini. Baba Tumaini akaziba mlango wa maji kwenye kabichi zake. "Zimeshakunywa, yaliyobaki yaende kwenye maharage," akasema. Halafu akanikabidhi jembe. "Ila mimi simwagilii. Mleta mvua si yupo?"

Wapendwa, mimi ni mtu wa kibandani. Kumbe maji ya mfereji unafungua tuta moja huku unaziba jingine, na hayakusubiri ufikiri. Nilifungua, yakaja kwangu. Nikakaa. Mfereji mzima ulipita kwenye mapaja yangu, mkono mmoja nimeuinua juu kuokoa simu. Nikiwa hivyo, nikasikia kacha! Mama Tumaini yuko ukingoni, simu usoni.

"Mwenzangu, mahindi yangu yako ndani na jua lote hili," akasema kwa upole. "Tabasamu."

Akaituma kwenye kundi la kitongoji, rangi zote zikiwemo: "Kutoka shambani leo. Mnaonaje?"

Maoni bado yanaingia. La shangazi ndilo fupi: "Nimeyaona maharage yangu yanakunywa. Ahsante, mwanangu. Hii usiiguse."

Basi msicheke. Na atakayeshindwa kujizuia, aje hapa anisaidie kuyaanika upya mahindi ya watu.