Matuta ya Mirihi na Redio ya Darasa

Jumatatu, 9 Julai 1973

Ukungu hadi saa nne. Leo darasa la watu wazima limenitambua. Halijasema, lakini limenitambua.

Redio ya darasa imetangaza kwamba chombo cha Wamarekani kilichozunguka Mirihi, ile nyota nyekundu, kimeleta picha za miamba yenye tabaka, moja juu ya nyingine, kama chapati kwenye sahani. Wataalamu wanabishana. Wengine wanasema ni tope lililotuama majini. Wengine, vumbi la upepo. Wengine, majivu ya milima ya moto. Watu wamesoma hadi macho yameingia ndani, na hawajui kitu ambacho sisi wa Mgwashi tunakiona tukienda chooni.

Ni matuta. Mirihi palilimwa.

Nimesema hivyo nikiwa nimesimama. Shemeji Rubeni, aliyemwoa dada yangu na tangu hapo hajanipa raha, akauliza kama wakulima wa Mirihi nao walipigwa faini na Mwingereza kwa kukataa kuchimba matuta ya kuzuia udongo usichukuliwe na mvua. Darasa likacheka. Nilipigwa faini mara tatu, ni kweli. Kwa hiyo nani anayajua matuta kuliko mimi?

Kisha Mwalimu Kornelio akatoa jambo. Anahamishiwa Muheza. Redio itabaki nyumbani kwa mwanadarasa mmoja, na betri zake. Jumamosi afisa wa elimu anakuja kutoka Lushoto. Atakayemweleza vizuri habari ya miamba hiyo, kwa ushahidi, atakabidhiwa.

Redio kwangu! Kijiji kizima kwangu kila jioni kusikiliza taarifa ya habari. Mimi wa kuwasha, mimi wa kuzima. Rubeni akiingia, nazima.

Jumanne, 10 Julai

Rubeni anazunguka na chupa. Ametia mchanga, udongo na maji, anatikisa, anaiweka chini, anawaambia watu wangoje. Mchanga unatangulia chini, udongo mlaini unafuata juu yake. Tabaka. Anasema Mirihi palikuwa na ziwa. Huyu alifagia maabara kule Amani miaka miwili, na mpaka leo anakohoa kama daktari.

Mimi pia nimekaa Amani. Nilimbebea mizigo mtaalamu mmoja wa Kizungu, naye alikuwa haendi popote bila kuniuliza. Aliniuliza njia, lakini swali ni swali.

Jioni nikamwita Yudith, binti wa Rubeni, aliye kidato cha pili na yuko likizo. Nikamtaka aniandikie hoja zangu kwa mwandiko mzuri. Akasema, shikamoo mjomba, Mirihi hewa ni kidogo sana, mtu hawezi kuishi. Nikamwambia hata huku juu hewa ni kidogo na viazi vinakua. Akaandika. Mtoto ana heshima, kamfuata mama yake.

Jumatano, 11 Julai

Ushahidi. Ninalo tuta moja shambani, lilichimbwa mwaka wa hamsini na tatu baada ya faini ya tatu. Mawazo yangu: mkulima hulundika udongo mwaka hadi mwaka, kwa hiyo ukilikata tuta ubavuni utaona tabaka. Nimelikata tangu asubuhi. Ukuta mzuri, umesimama wima, unanifika kifuani.

Wekundu mtupu. Juu mpaka chini. Hakuna hata mstari.

Mwanasha, mjane mfinyanzi anayekaa nasi darasani, alipita na mzigo wake wa udongo. Akauliza nachimba kaburi la nani. Nikamjibu la ujinga. Akasema basi niongeze urefu, nitoshee. Ulimi wa mwanamke huyu ungefaa kukatia majani.

Alhamisi, 12 Julai

Kweli wakati mwingine inahitaji kusaidiwa. Nimeupaka ukuta tabaka: udongo mweusi wa mtoni, majivu, udongo mweupe, mwekundu, majivu tena. Unene wa viganja viwili kila moja. Nilirudi nyuma hatua ishirini nikautazama. Nikajisikia kulia.

Majivu niliyachukua kwenye debe la maharage, Kuluthumu huyatia humo maharage yasibunguliwe. Udongo mweupe alikuwa ameuweka wa kupakia nyumba. Mke wangu huyu akaniuliza kama nimeviona. Nikasema niulize mambo ya sayari, si mambo ya jikoni. Akasema vizuri, na chakula nikakiulize huko kwenye sayari. Nimelala na kiazi kimoja cha baridi.

Ijumaa, 13 Julai

Mvua. Ya rasharasha, lakini haikati. Nimeufunika ukuta kwa majani ya mgomba. Nikamkuta Rubeni anatazama mvua na kutabasamu, kana kwamba yeye ndiye aliyeagiza. Akanishauri, shemeji, nimwachie redio kwa hiari, atanialika Jumapili. Nikamwambia aoshe chupa yake, ataihitaji kwa mafuta ya taa.

Jumamosi, 14 Julai

Afisa amefika saa tatu, kijana mwenye viatu vyeusi vya kung'aa. Rubeni akaanza na chupa. Akatikisa. Tukangoja. Afisa akaitikia kwa kichwa. Mimi nikasema chupa ni kitu cha dukani, nifuateni shambani.

Tulikwenda wote, darasa zima na watu wa kupita. Nikaeleza habari za bwana shamba wa Mirihi, nikaeleza majembe, nikaeleza faini. Nikayafunua majani ya mgomba.

Ukuta ukasimama. Naliandika hili kama ushahidi: ulisimama, na watu wakasema aa. Nikaupiga kofi kuonyesha uimara.

Ukashuka wote. Migomba miwili ikafuata. Viatu vya afisa sikuviona tena. Tope likateremka hadi mferejini chini ya shamba, maji yakalikusanya, na tulipokuwa bado tunamvuta afisa, Rubeni akachuchumaa pembeni akaanza kuita watu. Mferejini tope linatuama. Mchanga chini, udongo juu yake. Akasema, asante shemeji, hata mimi sikuwa na chupa kubwa namna hii.

Nikaona redio inaondoka.

Hapo Mwanasha akatia mkono mferejini. Akasugua tope kwa vidole, akatoa harage. Akalinyanyua watu walione. Akasema haya majivu yametoka kwenye debe la Kuluthumu, hayakuletwa na ziwa wala upepo wala mlima wa moto, yameletwa na Sheshe, akaninyooshea kidole. Maji yanapanga tabaka, Rubeni kasema kweli. Lakini upepo nao unapanga, yeye ameliona vumbi la barabarani kwenye vyungu vyake. Na mkono wa mwongo nao unapanga. Kwa macho ya mbali zote zinafanana. Yeye udongo haujui mpaka autie mkononi, ausikie chembe zake. Kwa hiyo ya Mirihi hajui, na aliyeko hapa anayejua aseme alikwenda lini.

Nilitaka kusema nilikwenda, lakini Kuluthumu alikuwa ananitazama.

Afisa, miguu mitupu, akasema hilo ndilo jibu. Redio imekwenda kwa Mwanasha. Na kwa kuwa nimebomoa tuta, kinga ya maji mlimani, afisa akaagiza darasa lije kuitengeneza, na mteremko wangu wote uchimbwe matuta.

Yale niliyoyakimbia miaka ishirini.

Jumatano, 18 Julai

Siku tatu za jembe. Mgongo si wangu. Watu thelathini wamechimba, Rubeni akipima mistari kwa kamba na kuniita mheshimiwa. Jana jioni walikwenda wote kwa Mwanasha kusikiliza redio. Mimi nilisikiliza nikiwa nje ya ua, nilikuwa napita.

Lakini leo asubuhi ukungu ulipoondoka nilivuka bonde nikasimama ng'ambo. Nikatazama shamba langu. Mistari sita, mmoja juu ya mwingine, imepangika sawasawa, myekundu. Mirihi tupu. Na nani kaifanya? Maji? Upepo? Mlima wa moto? Watu, kwa majembe.

Nilijua.

Nimemwita Yudith aandike barua kwa wale wataalamu wa Amerika, waache kubishana, na wakipenda kunizawadia, redio ndogo inatosha. Akaandika vizuri hadi katikati, kisha akaniuliza, mjomba, mbona kwenye picha zote hizo hakuonekana mtu hata mmoja?

Nikamwambia aandike kwamba picha zilipigwa siku ya gulio.