Nani Huyu Anayejiita Kutu?

Jumatatu, 4 Machi

Daktari wa moyo amerudia yale yale. Vali imechakaa. Fomu ya upasuaji iko mezani, inangoja saini yangu mpaka Ijumaa ya wiki ijayo. Nikipasuliwa, huenda nikaishi miaka. Nisipopasuliwa, miezi michache. Alisema hivyo huku akitazama saa yake. Nimeshamtilia shaka.

Sitasaini. Nina miaka sabini na tisa. Mtu mwenye heshima zake hujua wakati wa kushusha upanga.

Na kwa kuwa naondoka, naungama. Mimi ndiye Ala Tupu.

Nieleze. Mwaka jana nilipolazwa, mjukuu wangu anayesoma chuo aliniletea katuni za Kijapani, zile wanazoziita anime, za wapiga upanga. Nilimwambia sina muda wa upuuzi. Tukamaliza sehemu sitini na mbili. Katika ya mwisho, bingwa mzee ambaye mashabiki humwita Mkimya anapigana na mwanafunzi wake, anashusha upanga, anakufa. Niliangua kilio. Nilisingizia dawa ya macho.

Mashabiki wana tovuti yao. Huko kila mtu hutunga mkondo wake wa hadithi. Mjukuu wangu ameandika mmoja ambamo Mkimya hafi; anafungua kibanda cha kunoa visu. Upuuzi! Mkimya alishusha upanga kwa hiari. Ndiyo maana yote ya hadithi. Nikajisajili kwa siri, nikajiita Ala Tupu, ala iliyobaki bila upanga, nikamsahihishia. "Hoja dhaifu. 4/20."

Alinisomea maneno hayo kwa sauti, hapa hapa kitandani. Akaniuliza binadamu gani huandika hivi. Nikapangusa miwani kwa ncha ya shuka. Nikasema labda ni mtu mpweke.

Hilo ndilo ungamo. Lakini kuna jambo zito zaidi. Kuna mtu anaitwa Kutu.

Jumanne, 5 Machi

Kutu alijitokeza wiki tatu zilizopita. Kazi yake ni moja tu: kunipinga. Mimi nikiandika kwamba Mkimya alishusha upanga kwa heshima, yeye anajibu kwamba alishusha kwa woga, kwa sababu kufa ni rahisi kuliko kujaribu tena. Watu mia mbili wamempigia makofi. Mimi nina makofi manne, na mawili ni yangu.

Sasa ameanza hadithi yake, sura kwa sura, kupitia kwa mke wa Mkimya. Mke gani? Katika sehemu zote sitini na mbili anaonekana kwa sekunde nne, akianika nguo!

Leo sura ya tatu. Mkimya anakoroma kwa awamu tatu, ya mwisho kama mlango wa kabati. Tena mkewe akimuuliza jambo, Mkimya hupangusa upanga kwa ncha ya shuka ili asijibu. Nimemwandikia: Hakuna ushahidi wa shuka. 3/20.

Lakini nilishtuka. Hizo awamu tatu mimi naambiwa ninazo. Kwa hiyo Kutu yumo humu ndani, na ananichunguza.

Washukiwa ni watatu. Muuguzi, anayekuja kila asubuhi kunipima presha na kuchezea simu mkanda ukijaa hewa. Mkwe wangu, mpima ardhi, anayekubaliana na kila nisemalo. Hakuna mtu mwema kiasi hicho. Na mjukuu mwenyewe, kwa kulipiza kisasi.

Mke wangu simhesabu. Yeye huita anime "watu wazima kukimbizana na visu". Hukaa kwenye kiti chake dirishani, anafuma sweta. Nalo lina kasoro. Limepasuliwa kifuani, la vifungo, ilhali maisha yangu yote navaa ya kuingizia kichwani. Nilipomwonyesha kosa, alisema ameona. Akaendelea.

Alhamisi, 7 Machi

Miaka thelathini na moja nilikuwa mtunga mitihani. Karatasi zilipoanza kuvuja, nilibuni dawa: kila kituo kilipelekewa karatasi yenye kosa dogo la peke yake. Kosa likionekana mitaani, unajua limetoka wapi. Nilinasa wakuu wa shule wawili na mchungaji mmoja.

Dawa hiyo hiyo nimeitumia leo.

Muuguzi nimemwambia nimesoma mahali kwamba Mkimya ni wa mkono wa kushoto na huficha. Akasema, "Haya mzee, usiongee, mashine inakosea."

Mkwe nimemwambia upanga wa Mkimya ulikuwa wa kaka yake aliyekufa. Akakubali. Akaongeza kwamba alikuwa akihisi hivyo siku nyingi. Hajawahi kutazama hata sehemu moja! Mshukiwa mkuu.

Mjukuu nimemwambia Mkimya anaogopa madaraja. Alinikazia macho, kisha akaniuliza kama nimesaini fomu. Nikapangusa miwani.

Yote matatu ni uongo mtupu, nimeyatunga wakati wa uji. Sasa nangoja. Mke wangu alikuwepo mara zote tatu, lakini aliinua kichwa mara moja tu, kunipima urefu wa mkono.

Jumapili, 10 Machi

Siamini! Sura ya nne imetoka.

Mkimya ni mgonjwa. Ng'ambo ya mto yuko tabibu anayeweza kumponya. Mkimya anafika darajani na hataki kuvuka. Amebeba upanga wa kaka yake aliyekufa. Ameushika kwa mkono wa kushoto.

Daraja! Kaka! Mkono wa kushoto! Yote matatu!

Kwa hiyo si mtu mmoja. Wamekula njama. Muuguzi, mkwe na mjukuu wanakutana mahali, pengine jikoni, wanaandika kwa zamu. Hata mimi sikutarajia wizi wa kiwango hiki.

Mwishoni mwa sura, mkewe anasimama katikati ya daraja na kumwambia kwamba amemfulia, amemwangalia akinoa upanga miaka hamsini na miwili, na leo hakuna aliyemuuliza yeye kama anataka kuwa mjane. Kisha anakaa chini. Anasema hatoki hapo.

Nimesoma mara tano. Kwa ajili ya ushahidi.

Sikumpa maksi. Kalamu ilikuwa mbali.

Jumatatu, 11 Machi

Nimeitisha kikao. Wote watatu mbele ya kitanda, saa tatu asubuhi, muuguzi akiwa bado na mkanda mkononi. Mke wangu kwenye kiti chake.

Niliwaeleza jinsi nilivyowanasa. Nilinukuu sura zote. Nikasema, kwa sauti ambayo vali yangu haikuipenda, kwamba wamenivunjia heshima mbele ya mashabiki wote kwa kumpinga Ala Tupu.

Mkwe alikubali. Nilipomuuliza amekubali nini, akasema hajui, baba, ila nisihangaike.

Ndipo nikaona uso wa mjukuu wangu. Nilikuwa nimejichongea mwenyewe.

"Ala Tupu ni wewe," akasema.

Nikatafuta miwani. Nilikuwa nimeivaa.

"Babu. Ulinipa nne."

Nilisema kibanda cha kunoa visu hakikuwa na msingi katika matini. Akasema aliandika hadithi ile wiki niliyoanguka bafuni, alitaka kuwe na mahali pamoja duniani ambapo mzee anafanya kazi tu asubuhi na kurudi kula. Akatoka. Mkwe akamfuata. Muuguzi alinipima presha, akatikisa kichwa, akaondoka pia.

Nikabaki na mke wangu. Sindano zake hazikusimama.

"Unawasumbua watoto bure," akasema. "Ni mimi."

Nilimwambia haiwezekani. Hakuwa mshukiwa. Hakupewa uongo wowote.

"Umeugawa wote mbele yangu, mwalimu. Mimi nilikuwa hapa kwenye kiti."

Nilimuuliza, kama alikuwa na neno, kwa nini hakusema tu. Miaka hamsini na miwili tunalala chumba kimoja.

Akaweka sindano chini. Hilo si jambo dogo, alikuwa katikati ya mstari.

"Ukiambiwa, husikii. Ukiandikiwa, unasahihisha. Nikaona bora usahihishe, angalau utasoma."

Jumatano, 13 Machi

Siku mbili nzima hatujaongea ila kuhusu uji. Nimemuuliza leo hadithi yake inaishaje. Amesema sura ya tano hajaiandika. Nikamuuliza ataandika lini. Akasema inategemea Ijumaa.

Huo ni ulaghai wa wazi. Nimemwambia hivyo. Hakubisha.

Nikaomba fomu. Nimesaini. Iandikwe hapa wazi kwamba sikushindwa. Nimeishusha kalamu kwenye karatasi kwa hiari yangu, baada ya kutafakari, kama Mkimya. Mke wangu alitazama saini, akasema imepinda. Ni meza.

Mjukuu amekuja jioni. Nilimwomba radhi. Amedai usahihishaji mpya. Nimeipitia hadithi ya kibanda upya, kwa haki, bila upendeleo. Aya ambapo mzee anarudi nyumbani mikono ikinuka chuma ni nzuri sana. Nimempa kumi na moja. Alisema asante kwa namna ambayo naitilia shaka.

Jumatatu, 18 Machi

Hospitali. Wodi ya upasuaji, kitanda cha dirishani. Wananichukua baada ya nusu saa. Daktari wa usingizi ameniambia nitahesabu kurudi nyuma kuanzia kumi. Nimemuuliza anafanyia nini hizo namba. Amecheka. Simwamini.

Ninaogopa. Nimeandika mara moja, sirudii.

Muuguzi wa wodi ameliona sweta, limekwisha, akamsifu mke wangu. Akaeleza kwamba mtu aliyepasuliwa kifua hawezi kuinua mikono wiki nyingi, hivyo lazima nguo ifunguke mbele. Wachache hulifikiria hilo, alisema.

Nimepiga hesabu. Alianza kulifuma Januari! Kabla ya Kutu, kabla ya daraja, kabla sijakataa mara ya pili. Yaani matokeo alikuwa nayo tangu mwanzo. Mtihani ulivuja!

Sitakubali. Asubuhi hii, alipokwenda kunitafutia blanketi, nimejisajili upya kwenye tovuti. Sasa ni Ala Mpya, hakuna atakayenijua. Nimeshaandika kwamba Mkimya alivuka daraja kwa uamuzi wake mwenyewe na mkewe hakuhusika. Nimejipigia makofi mawili. Sura ya tano ikitoka nitaijibu, lazima niwepo niijibu.

Anakuja, nasikia viatu. Shajara hii asiione kamwe. Nimepata mahali ambapo hatafikiria kutazama: naitia chini kabisa ya mfuko wake wa nyuzi.