Kiti Kinachomshikia Roboti Nafasi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Mtaa wetu hapa Pittsburgh. Mheshimiwa Makamu wako. Makamu wa Makamu, ambaye ni mimi mwenyewe, Chester Banaszak. Padri Novotny uliyetupa ukumbi wa parokia. Bi Dolores Hrabovsky na kina mama wa pierogi, vile viandazi vya kukunjwa vyenye viazi ndani. Na yeyote mwenye cheo nilichokisahau, ahesabu kimetajwa. (Makofi ya watu wanne.)

Nasimama kuwasilisha taarifa ya miaka mitatu ya Mradi Mkakati wa Roboti Mkunja Pierogi, ambaye, tofauti na mashine za kizamani zinazopangiwa kila hatua, atajifunza mwenyewe kuoanisha jicho na mkono kama mtoto mchanga: anarusha mkono ovyo, kamera inautazama, anajizaba kofi la pua, data inahifadhiwa, na baada ya makofi elfu kumi na nne anatambua, kitaalamu kabisa, kwamba kumbe mkono ule ni wake. (Kicheko.) Msicheke, jamani, mimi nina miaka hamsini na sita ya mafunzo endelevu, na kama mlivyoona, kahawa imeupita mdomo ikaishia kwenye tai.

(Bi Dolores, kutoka dirisha la jiko: "Chester, nataka kona yangu ya kukunjia. Kesho ni Ijumaa ya samaki ya Kwaresima, na kwa kukosa nafasi tunakunja pierogi mia sita juu ya friza.")

Hoja imepokelewa, mama, itaundiwa kamati ndogo. Kona ile tulimtengea roboti kwa kuweka kiti, na kwa kuwa hakuna mtu wa mji huu, hata awe amelewa, anayethubutu kugusa kiti ambacho jirani amekiweka barabarani kushikia gari lake nafasi, usalama wa mradi umefikia asilimia mia moja. (Makofi mazito.)

("Na huyo roboti wako umemwona lini?")

Kuona, Bi Dolores, ni awamu ya pili.

("Ya kwanza je?")

Nafasi. (Padri anafunika uso.)

Nahitimisha. Jicho lione, mkono utende. Kona moja, roboti mmoja, mtaa mmoja. Nawashukuru wahandisi tutakaowaajiri, kiwanda tutakachokiandikia barua, na kuliko wote Bi Dolores, aliyetuazima kiti, ambacho ndicho mradi wote, na ambacho naona amekwisha kukikalia pale konani, meza ameivuta, unga ameumwaga, macho kanikazia mimi, na vidole vinakunja bila hata kuvitazama. (Makofi ya ukumbi mzima. Si kwa ajili yangu.)