Mashine ya Kuanikia Mashuka

Kocha Kifua hakuwahi kunyanyua kitu kizito kuliko sahani yake ya chakula. Kile kifua kilichompa jina kilikuwa sponji tupu, na aliyekishonea ndani ya fulana ni mama mmoja mshonaji, mjane, aliyejua siri za miili ya watu wengi na asimwambie mtu.

Siku aliyokwenda kuchukua fulana ya pili, Kifua akaona sebuleni mashine ya kukimbilia imeanikwa mashuka. Mshonaji akamweleza kwamba aliinunua marehemu mumewe, daktari alipomwambia akimbie. Akakimbia wiki moja, wiki ya pili akatundika shati, na tangu hapo ikawa kamba yao ya nguo. Hata kishikio kiliungua pale marehemu alipoegesha pasi ya moto.

"Naipenda hivyo hivyo," alisema.

Neno la mapenzi Kifua hakulisikia. Alichosikia ni kwamba mtaa mzima una mashine zilizonunuliwa kwa mbwembwe, na leo zinakausha soksi. Tuseme ukweli, mazoezi ya nyumbani huisha siku mtu anapokosa pa kutundika taulo.

Akaanza kupita nyumba kwa nyumba, uso umejaa huruma. Akawaambia watu kwamba mashine iliyolala muda mrefu hushika unyevu, na siku ikiwashwa inaweza kumrusha mtu dirishani. Yeye angeipeleka kwa fundi, bure kabisa, ujirani tu. Watu wakamshukuru, jamani, na vumbi wakamfutia. Mshonaji naye akaondoa mashuka, akaiangalia ikipakiwa kwenye mkokoteni, moyo ukimuuma.

Haukupita muda, ukumbi nyuma ya duka la kinyozi ukafunguliwa kuwa jimu: vioo ukutani, mashine zote zimepakwa rangi nyekundu. Waliouliza mali zao waliambiwa fundi bado anasubiri kipuri. Isitoshe, Kifua akawaeleza, nyumbani mtu hufanya mazoezi na uvivu wake peke yao. Waje jimu wakimbie na wenzao, kwa bei ya jirani. Wakaja, wakalipa, wakatoka jasho juu ya mali yao wenyewe, yeye akipuliza filimbi kitini.

Mshonaji alipopanda mara ya kwanza, kiganja kikagusa kishikio. Chini ya rangi, ile alama ya pasi. Alitaka kulia pale pale. Kisha akafikiri: akipiga kelele, Kifua atafunga ukumbi na kuzihamisha zote, na yeye wakati huo hata kunyanyua ndoo iliyojaa maji kulimshinda. Akaendelea kukimbia. Akawanong'oneza wenzake mmoja mmoja, na kila mmoja akachunguza chini ya rangi akaikuta yake. Wakakubaliana wakazane, hasa mazoezi ya kunyanyua.

Miezi ikapita, mikono ikakaza misuli. Asubuhi moja kila mteja akaja na mwenzake: mume, dada, shemeji. Mshonaji alikuja na wifi yake. Kifua akafurahi kuona biashara imepanda.

"Kocha, leo tunataka zoezi zito," mshonaji akamwambia. "Wawili wawili tubebe mashine mpaka nje, kisha turudi. Wewe tuhesabie."

Kifua akapuliza filimbi. Jozi ya kwanza ikavuka kizingiti, naye akawahimiza wanyooshe migongo. Ikafuata ya pili, na nyingine, na nyingine. Akawapigia makofi mpaka ukumbi ukabaki vioo na yeye. Akakaa, maskini, akisubiri ile sehemu ya kurudi.

Aliposhtuka akatoka mbio, na pumzi zikamwishia kwenye kona ya kwanza. Fulana ilikuwa imefumuka, sponji inaning'inia. Mshonaji na wifi yake wakasimama na mzigo wao, hata hawahemi.

"Ilete jioni nikushonee," mshonaji akamwambia. "Na ulisema kweli, Kocha. Jimu inasaidia."

Nyumbani akairudisha mashine mahali pake, akakwangua rangi kwa ukucha mpaka alama ya pasi ikaonekana. Hakuiwasha. Alikwenda kuleta mashuka.