Kivuli cha Mama Mkwe

Jumatatu, 21 Oktoba 2024

Joto! Redio imesema mwaka huu limevunja rekodi. Tunduma hii ambako tumezoea kuvaa makoti! Ndani bati linawaka, hakukaliki. Na leo kafika mama mkwe, Mama Enesi, kutoka Msangano. Kasema kakimbia joto la bondeni, kafuata baridi ya kwetu. Baridi ipi? Kaketi barazani, penye kivuli pekee cha nyumba nzima. Kwa heshima ya kwetu, mkwe na mama mkwe hawakai kivuli kimoja. Nimeshinda juani nyuma ya nyumba, karibu na choo. Mke wangu Fausta kasema nisimike nguzo nne, nifunge turubai juu, kazi ya asubuhi moja. Eti jirani Gwamaka keshajenga kibanda chake. Gwamaka ana misuli tu. Mimi nitatumia kichwa.

Jumatano, 23 Oktoba

Nimemtuma Fausta amwambie mama yake kwamba Msangano mvua imeshuka, kumepoa. Nilijua atafungasha. Kamshukuru Mungu! Kisha kauliza mkwe wake anangoja nini mjini wakati shamba la ukweni linasubiri jembe. Jembe! Ikabidi Fausta arudi kusema mvua imekatika. Jioni kaniwekea ugali mtupu.

Alhamisi, 24 Oktoba

Foleni ya malori ya Zambia imefika mbele ya nyumba yetu. Kila lori na kivuli chake. Bure! Nimebeba kigoda, nikaketi kando ya lori refu, nikasinzia. Nimeamka utosi unaungua. Foleni ilisogea, kivuli kikaondoka na lori. Gwamaka kacheka mpaka kamwaga togwa yake. Mtu mzima!

Ijumaa, 25 Oktoba

Dawa nimeipata. Lori likisogea, nami nasogea. Raha! Nimesogea, nimesogea, mara niko kwenye kizuizi cha mpakani na kigoda mkononi. Askari kauliza navusha nini. Nikasema kivuli. Kanirudisha. Nimerudi kwa miguu, kigoda kichwani, hicho ndicho kivuli nilichopata. Mlangoni nikapata kizunguzungu, nikaanguka. Nimeogopa kweli.

Jumapili, 27 Oktoba

Nimetoka kanisani, nimekuta kibanda nyuma ya nyumba! Nguzo nne, turubai juu. Fausta na mama yake wameacha ibada wakakisimika. Mama Enesi kaagiza niambiwe hakuja Tunduma kumfanya binti yake mjane. Machozi yamenilenga, sifichi. Mama mkwe wa kuombewa heri! Nikaketi. Kumepoa!

Gwamaka akachungulia juu ya ua. Ili ajue nani ana kibanda kikubwa, nikawaita madereva wawili wa foleni waje wapumzike. Nikasema nimekijenga mwenyewe, kwa kichwa. Wakaita wenzao. Sasa wamejaa, wanakoroma, mmoja kakalia kigoda changu. Mama Enesi yuko barazani. Mimi niko karibu na choo.

Si kitu. Kesho nitamtuma Fausta akawaambie madereva kwamba Nakonde, ng'ambo ya mpaka, mvua imeshuka, kumepoa.