Gari-Nyumba Pamoja na Vilivyomo

Gari-nyumba lilikuwa limeshatoka kituo cha mafuta, tairi za mbele barabarani, za nyuma bado zinayumba kwenye tuta, pale Ulimi alipojitupa mbele yake na kuinua mkono kama trafiki.

"Zima injini! Zima, mzee wangu, kabla hamjanywa tena!"

Ulimi hakuwa trafiki. Hakuwa fundi pia, ingawa alivaa koti jeupe la kinyozi na kushika spana ya kuokota. Watu wa mtaani walimwita Ulimi kwa sababu hicho ndicho kiungo pekee cha mwili wake kilichowahi kufanya kazi. Asubuhi hiyo dada yake alimtolea begi nje, akaliegemeza ukutani vizuri, akamwambia, "Kaka, leo ukalale kwako." Kwako wapi? Hakuwa na hata upenu. Basi alipoona nyumba nzima inaondoka kwa magurudumu, ina dirisha, ina pazia, ina jiko, moyo ulimruka. Siku hiyo hakutaka pesa ya mtu. Alitaka mahali pa kulala.

Mume alishusha kioo. Mtu mnene, macho mekundu, uso wa mtu anayetumwa sana. Kando yake mkewe, kakumbatia mkoba.

"Kuna nini?"

"Maji ya tangi mnakunywa?"

"Tunakunywa."

"Poleni." Ulimi akavua kofia. "Poleni sana. Filta mmebadilisha lini?"

Wakatazamana. Bado hajazaliwa mwenye gari-nyumba wa kujibu swali hilo bila kumtazama mwenzake.

Hapa niseme ukweli mmoja, maana huko mbele utakuwa adimu. Filta ya maji hukaa ndani ya kopo chini ya sinki, na imejaa makaa yaliyosagwa. Ikiwa mpya kabisa hutema vumbi lake; maji ya mwanzo hutoka meusi tii. Fundi mwaminifu huyaacha yatiririke mpaka yatakate, ndipo akukabidhi kazi. Ulimi alikuwa akikabidhi mapema.

Aliingia, akapiga magoti, akafungua kopo kwa mbwembwe. Filta ya zamani akainusa, akafumba macho kama anayeaga marehemu. Mpya akaichomoa mfukoni mwa koti, akaipachika. Papo hapo, kutoka nyuma ya pazia mwisho wa gari, ukaja mngurumo: *krrrr... fyuuu.*

Ulimi aligonga kichwa kwenye sinki. Alitaka kuuliza ni nini, lakini fundi wa maji haulizi, fundi anajua. Akainua kidole.

"Mmesikia? Pampu hiyo. Inavuta hewa."

Mke akamkanyaga mumewe mguu, na kwa mkanyago huo mengi yakapangwa.

"Pampu," mke akasema taratibu. "Inatusumbua sana hiyo pampu, fundi. Hasa baada ya kula."

"Kawaida yake, mama. Jikoni mnatumia maji mengi."

"Na ukiigusa inakuwa kali," mume akaongeza.

"Usiiguse kabisa, mzee. Ina shoti."

Ulimi akafungua bomba. Yakatoka maji meusi kama wino. Akarudi nyuma hatua moja, mkono kifuani.

"Mama, haya ni maji au lami? Bomba zimeoza mpaka kwenye tangi. Hili gari haliponi. Mtu mwenye roho ngumu angewaacha muendelee tu. Mimi siwezi. Niachieni, nikalizike mbali na watoto wa watu. Na msiende kwa miguu, pikipiki yangu ile pale, chukueni."

Pikipiki ilikuwa ya shemeji yake, na aliiazima bila kumsumbua mwenyewe kwa kumwambia.

Alijiandaa kubembeleza mpaka jioni. Badala yake mke alikuwa ameshavaa viatu.

"Ukishapewa, umepewa," alisema. "Hakuna kuturudishia."

"Nirudishe ili iweje, mama?"

"Sema: nalichukua pamoja na vilivyomo."

"Nalichukua pamoja na vilivyomo."

"Hata vya nyuma ya pazia."

Ulimi aliwaza magodoro, pengine na blanketi. Akaapa kwa sauti nzito, mkono juu, spana juu. Mume akataka na lile koti jeupe, kwa ajili ya upepo. Akapewa. Wakapanda pikipiki, na kwa watu wawili wanaolilia nyumba yao walikuwa wakicheka kwa sauti kubwa kupita kiasi.

Ulimi alikamata usukani akaimba. Alijiona anaegesha mbele ya mlango wa dada yake, anapiga honi: nimekuja kulala kwangu. Alipopinda kona, pampu ilinyamaza. Hakuna aliyeizima. Kisha pampu ikakohoa. Kisha pampu ikauliza, "Mmenunua mkate?"

Gari nusura lipande duka la viatu.

Pazia likafunguka. Akatoka bibi mmoja mrefu, kilemba kimekaa upande, mkononi kikombe cha bati.

"Wewe nani? Yuko wapi mtoto wa kaka yangu?"

"Mimi... fundi wa maji, mama."

"Hatimaye! Mwaka mzima nawaimbia hawa wawili kubadilisha filta, kama naongea na meza." Akakinga maji, akaonja, akayatema meusi dirishani. "Hujaisuuza!"

"Nilikuwa..."

"Ulikuwa nini? Kabla ya kuifunga unasafisha kopo. Mpira wake unaupaka mafuta kidogo. Halafu unaacha maji yaende. Nani kakufundisha?"

"Mama, mimi hili gari nimeuziwa."

"Na nani? Gari langu, mikeka yangu, na hicho kiti ulichokalia kina umbo langu. Wamekwambiaje?"

Ulimi akafikiri. Kwa mara ya kwanza maishani alikosa la kuzua. "Pamoja na vilivyomo," akajibu kwa unyonge.

Bibi alicheka mpaka akashika meza. Ulimi akasimamisha gari, akafungua mlango, akatazama nje. Pikipiki hakuna. Koti hakuna. Huko nyuma dada kafunga, shemeji anatafuta usafiri wake. Mvua ilianza kudondoka kwenye lami.

"Unatoka au unaingia?" bibi akauliza. "Unaniingizia baridi. Kitanda cha juu kiko wazi, yule mtoto wa kaka alikuwa anakoroma hakuniacha nipumzike. Ila hulali kabla maji hayajatakata."

Ulimi akafunga mlango akiwa upande wa ndani. Akapiga magoti chini ya sinki.

Mume na mke walifika mbali kidogo, wakagombana nani aendeshe, wakapanga vyumba viwili mtaa mmoja, kila mtu chake. Shemeji aliikuta pikipiki yake kwa fundi cherehani aliyedai kuuziwa na daktari mnene mwenye koti jeupe. Dada alipangisha chumba kwa mwalimu mkimya. Bibi alizunguka nchi misimu kadhaa, anaonja, anatema, anaamuru, kisha akauza gari na kuhamia kwa rafiki yake mwenye nyumba isiyosogea. Ulimi alikwenda naye kufunga mabomba ya jikoni, na mpaka leo hajamaliza.