Ombi la Kuhamishiwa Marahaba

Aidan Luambano,
Lizaboni,
Songea.

Kwa Mama Mkwe,
Bombambili,
Songea.

K.K. Mzee Wendelini (Mshenga)

YAH: OMBI LA KUHAMISHIWA MARAHABA, PAMOJA NA MALALAMIKO MENGINE YANAYOHUSU BREKI

Mama Mkwe mheshimiwa,

Shikamoo. Tumsifu Yesu Kristo. Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi mkwe wako Aidan, mume wa Yasinta, mwenye lile gari jeupe mnaloliona likipita, ninakuandikia kwa unyenyekevu mkubwa. Naomba unisamehe kwa kuandika kiofisi. Nimekaa masjala muda mrefu nikifungua malalamiko ya watu wengine, na sasa hata tumbo likiniuma huwa natafuta kichwa cha habari kabla sijatafuta dawa. Halafu mkwe hawezi kukaa na mama mkwe wake uso kwa uso wakabishana. Ndiyo maana barua hii inapitia kwa mshenga wetu, Mzee Wendelini, ambaye ameisoma yote, amecheka mpaka akavua miwani, kisha akaniambia kwamba yeye hayumo.

Uamuzi wako nimeupata kupitia kwa shemeji Victor. Ulisema Yasinta yuko kwako na hatatoka hapo mpaka siku nitakayosimama mlangoni kwako, nishuke, nikuamkie kama mtu. Uamuzi huo siupingi hata kidogo. Ninachopinga ni mahali. Gari langu linasimama, Mama. Ila hapo kwako tu ndipo halisimami.

Kabla sijaanza kulalamika, naomba nizitetee breki zangu, maana zimesemwa vibaya mjini. Watu wanadai hazishiki. Zinashika, ila zinataka hodi. Ukikanyaga mara ya kwanza, pedeli inazama hadi chini, laini, kama umekanyaga uji. Hiyo ni hodi ya kwanza, na ndani kimya. Ukikanyaga ya pili, pedeli inainuka kidogo, unahisi kuna mtu ndani anajikohoza. Ya tatu ndiyo unaitikiwa karibu. Sasa kwako ni mteremko. Hodi ya kwanza naipiga kule juu kwenye migomba, ya pili naipiga usawa wa mlango wako, na karibu ninaipata nikiwa nimeshafika kwa watu wengine.

Najua utauliza habari ya breki ya mkono. Ipo, na ni nzima. Lakini mwalimu aliyenifundisha udereva alisema breki ya mkono ni ya dharura, na mimi sijalelewa kumwita mama mkwe wangu dharura.

Wala sikukaa bure nikisubiri miujiza. Nilinunua raba mpya ya pedeli, yenye meno, na kwa muda nilijisikia dereva wa maana ingawa gari lenyewe halikuwa na taarifa. Nikatoa tairi la akiba na jeki ili gari liwe jepesi. Likawa jepesi kweli, likapita kwako kwa kasi zaidi. Nikaacha viatu vya kazini nikawa naendesha na mabuti ya mvua, nikiamini kwamba breki zinaogopa mguu mzito. Mwishoni nikabandika kwenye kioo cha nyuma maandishi yasemayo SINA HARAKA. Naambiwa kwamba hayo ndiyo yaliyokuudhi kuliko yote, kwa kuwa kila nikipita unabaki ukiyasoma.

Fundi Dastan, mwenye gereji jirani na kwangu, alikaa kwenye kiti cha dereva, akakanyaga mara moja tu, akasema, "Kaka, breki zimeingia upepo. Hapo unakanyaga hewa." Nikamjibu kwamba masjala yetu inaingia upepo kila siku na sijaona faili lililoshindwa kusimama. Aliniangalia kwa huruma, akafuta mikono, akarudi kwenye kazi za watu wenye akili.

Baada ya utangulizi huo, malalamiko yangu ni haya yafuatayo:

1. Imesemwa kwamba ninapita kwako bila kuamkia. Hii si kweli na imenichafulia jina. Ninaamkia kila safari, tena kwa sauti, kioo kikiwa chini. Tatizo ni kwamba "shika" naisema usawa wa migomba na "moo" inatoka nikiwa nimeshauacha ua wako. Wewe unasikia nusu na unaichukulia kama mtu anakuamrisha ushike kitu. Kwa upande wako, kama mama mwenye heshima zako, najua unaitikia. Marahaba inatoka, inafika barabarani, inakuta vumbi. Kwa hiyo nina marahaba zangu halali zilizokwisha kutolewa na ambazo hazijanifikia mpaka leo.

2. Gari langu linaposimama, linasimama mbele ya kilabu cha pombe ya komoni cha Mzee Leo, kwa sababu pale ndipo barabara inapoanza kupanda. Hilo ni jambo la ardhi na mimi sikuiumba ardhi. Lakini taarifa zilizokufikia zinasema mkwe wako anaupita mlango wako mbio ili awahi pombe. Mama, ukisimama mbele ya kilabu huku jasho linakutoka, wenyeji hawaulizi maswali, wanakusogezea kigoda. Kukataa kungekuwa ufidhuli. Sasa wamenizoea. Wakiona vumbi kule juu wanapisha, na mmoja wao huwa anatangaza, "Jamani, mkwe wa watu huyo, mchotee kabisa."

3. Kutokana na hilo la pili, siku jumuiya iliposali nyumbani kwako nilipita wakati wa maombi. Nilisikia kwa masikio yangu, maana kioo kilikuwa chini kama kawaida, ukiomba kwa ajili ya kijana wetu aliyetekwa na ulevi. Na jumuiya nzima ikaitikia, "Ee Bwana, utusikie." Nashukuru kwa sala, nazihitaji. Ila naomba zielekezwe panapohusika. Kama jumuiya ingeomba breki zishike, huenda hivi sasa tungekuwa tunaongea mambo mengine.

4. Kuhusu matuta ya matembele. Nakiri kwamba siku ile nilikata kona makusudi nikaingia kwenye bustani yako. Mama, tangu nianze kuendesha sijawahi kusimama vizuri namna ile. Gari lilitulia. Nilikuwa mbele ya mlango wako, nimesimama, mkono uko kwenye kitasa nishuke nikuamkie, na wewe ukatoka na mwiko. Nilirudi nyuma kwa kukuheshimu. Lakini nataka ieleweke kwamba tukio lile lilithibitisha hoja yangu: gari linaweza kusimama kwako endapo familia itatoa ushirikiano.

5. Shemeji Victor, ambaye sina ugomvi naye, alinishauri nije kwa miguu au nipande bodaboda. Alisema, "Kwani, shemeji, miguu yako nayo ina upepo?" Ushauri huo ulinikera nikakosa usingizi. Naomba ukumbuke siku ya posa. Nilikuja kwenu nimetembea, suruali ina vumbi mpaka magotini, na wewe ukamuuliza mshenga, mimi nikiwa palepale, kwamba mtoto wako atatembezwa kwa miguu mpaka lini. Mimi swali hilo sikulisahau. Gari hili nililitafuta kwa ajili ya kulijibu. Leo nije mlangoni kwako kwa miguu kumchukua mtoto yuleyule, nitakuwa nimejibu nini?

6. La mwisho ni Yasinta mwenyewe. Sina hakika kama ni lalamiko, lakini nimeliweka kwenye namba ili lisipotee. Siku aliyoondoka alikuwa amesimama nje ya soko na kikapu, ananisubiri. Nikampita. Nikazunguka, nikarudi, nikampita tena, nikampungia mkono ili ajue kwamba nimemwona. Safari ya tatu nilipofika alikuwa ameshapanda bajaji kuja kwako. Alituma ujumbe kwamba aliolewa na mtu mwenye uso, na siku hizi anaona kisogo tu. Nilimjibu kwamba kisogo nacho ni changu. Sasa hivi naona lile halikuwa jibu zuri.

Kwa kuzingatia hayo yote, na kwa kuwa breki haziwezi kulazimishwa, naleta mapendekezo.

Kwanza naomba uhamishe mahali pa kuniitikia. Badala ya mlangoni, Jumapili baada ya misa ungekaa mbele ya kilabu cha Mzee Leo, ambako gari linasimama kwa hiari yake. Kigoda chako nitakileta mimi. Nitashuka, nitaamkia, utaitikia, na mambo yataisha kwa heshima. Marahaba za nyuma tunaweza kuzimaliza papo hapo kwa pamoja.

Kama hadhi yako haikuruhusu kukaa kilabuni, nalielewa hilo. Basi Yasinta asimame kule juu kwenye migomba na begi lake. Nitashuka taratibu, mlango wa kushoto ukiwa wazi, naye atatembea sambamba na gari kwa haraka kidogo kisha aingie. Nimefanya majaribio kwa gunia la mahindi na halikupata madhara makubwa.

Ikiwa hilo nalo linaonekana ni dharau kwa mke wa ndoa, limebaki pendekezo moja, ambalo kwa maoni yangu ndilo la kudumu: mbadilishane viwanja. Wewe uhamie pale kilipo kilabu, na kilabu kihamie pale ilipo nyumba yako. Nimeshaongea na Mzee Leo na amekubali kimsingi, ila anauliza kama utamwachia jiko. Kwa utaratibu huo gari langu litasimama mlangoni kwako kila siku bila kushurutishwa, nami nitakipita kilabu moja kwa moja, jambo ambalo litamaliza pia ule wasiwasi wa jumuiya. Faida ni nyingi kuliko hasara, na natumaini utaliangalia kwa jicho la mzazi.

Nisingependa nionekane mkaidi. Nimeambiwa na kila mtu, kuanzia Dastan hadi padre, kwamba ni rahisi zaidi kutengeneza breki kuliko kuhamisha nyumba. Huenda ni kweli. Lakini nikitengeneza breki nitakuwa nimekubali kwamba siku ile sokoni Yasinta alikuwa na haki ya kuondoka, na mtu wa masjala hakubali kitu kabla hakijajadiliwa.

Nifikishie salamu kwa Baba, ambaye peke yake huwa ananipungia kofia ninapopita. Salamu kwa shemeji Victor na familia yake, kwa majirani wa juu na wa chini, kwa wanajumuiya wote walioniombea, na kwa yeyote atakayepanda upya yale matembele. Yasinta sitamtumia salamu kwenye karatasi. Nisingejua niziandike vipi.

Nasubiri majibu yako kwa hofu na heshima.

Mimi mkwe wako nisiyeonekana ila kwa nyuma,

Aidan Luambano

Nyongeza: Mama, maombi yote yaliyo hapo juu nayafuta. Nilikuwa nafunga bahasha Dastan alipopita akielekea stendi, ana msiba Tunduru. Aliniachia chupa ya oili ya breki, spana ndogo na kipande cha mpira mwembamba, akasema hawezi kusafiri huku akiwaza nitaua mtu. Akanielekeza. Kazi yenyewe ni ya kutoa upepo tu, na haina ugumu wowote, ila haifanywi na mtu mmoja. Mmoja analala chini ya gari afungue, mwingine anakaa juu akanyage na kushikilia mpaka aambiwe aachie. "Wewe na shemeji mnaimaliza chai haijapoa," alisema, akaondoka. Nadhani hana habari kwamba Yasinta hayupo.

Nilijaribu peke yangu. Nilikanyaga, nikaruka nje, nikajitupa chini ya gari, na nilipofika pedeli ilikuwa imeshapanda na upepo umerudi ndani. Nikaweka tofali kwenye pedeli, likadondoka. Nikarudia mpaka shati lote likalowa oili. Majirani wapo na wangekuja kama ningewaita, lakini sikuwaita. Nilikaa kando ya tairi nikamkumbuka Yasinta sana, Mama, kuliko ninavyoweza kukuandikia wewe.

Barua hii naileta mwenyewe, ili Mzee Wendelini asicheke tena. Ninakuja kwa miguu, suruali ina vumbi na oili, na swali lako la siku ya posa bado sina jibu lake. Nitasimama mlangoni mpaka utakaponiitikia. Yasinta alikuwa na haki ya kuondoka. Kama atakubali kurudi nami, mwambie avae viatu vya kufunga, maana kandambili zinateleza kwenye pedeli na kazi ni ya magurudumu yote manne.